Kafi si Mlango: Mhadhara kwa Maseremala, Tengeru

Wakubwa shikamooni. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuacha randa zenu Jumamosi yote hii. Najua wapo waliocheka walipoitwa: seremala wa Arusha na kafi wapi na wapi, sisi watu wa mlimani? Lakini kutoka hapa hadi Ziwa Duluti humalizi hata hindi la kuchoma, na watalii wanapiga kafi pale na kule Momella Ndogo. Makafi niliyoyaona mikononi mwao ni ya plastiki na alumini, na sisi tumekaa juu ya mbao.

Nianze na aibu yangu. Kafi langu la kwanza la kayaki, ule mtumbwi mwembamba mwepesi, nililichonga kwa mninga. Lilipendeza! Nyumbani walitaka kulitundika sebuleni, na kweli huko ndiko lilikostahili. Nusu saa ziwani, mabega yamekufa. Fanyeni hesabu: mtu akipiga mapigo 60 kwa dakika, ni 3,600 kwa saa. Umemzidishia gramu 300 tu. Hata tukisema kila pigo linainua nusu ya uzito huo, kwa saa moja umembebesha zaidi ya nusu tani ya bure.

Sisi tumelelewa na milango na vitanda. Mteja akiinua kitanda kikamshinda, anasema hii ndiyo kazi. Kwenye kafi, uzito ule ule ni deni, na anayelilipa ni bega la mtu mwingine.

Walionifungua macho ni Wainuti, wenyeji wa Greenland, nchi ambayo haina misitu ya mbao. Walitumia magogo yaliyoletwa na mikondo ya bahari, mengi yakitoka kwenye mito ya Siberia. Anayeokota mbao ufukweni hachongi ovyo. Kafi lao lina mabapa mawili membamba ya kusukumia maji, moja kila ncha, upana wa sentimita 8 au 9 hivi, kiasi ambacho kiganja kinaweza kulikamata bapa lenyewe. Urefu hupimwa kwa mwili wa mwenye kafi: mikono iliyotandazwa, kisha kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Wazee wa pwani wasingehitaji kufafanuliwa, ni pima moja na dhiraa moja. Kwangu mimi inakuja sentimita 218.

Mbao, basi. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu hupita kilo 600. Saiprasi kwa kawaida haifiki 500. Tafuta saiprasi kavu, inchi mbili kwa nne, uikague kama unayenunua ng'ombe. Nyuzi zinyooke kutoka ncha hadi ncha. Zikitokeza ubavuni, irudishe. Na fundo, ndugu zangu! Kafi langu la pili lilikuwa na fundo dogo kama shilingi, pale mpini unapoanza kuwa bapa. Lilikatika katikati ya ziwa. Nilirudi kwa kupiga maji kwa viganja, watoto ukingoni wakinihesabia moja, mbili, tatu.

Kuchonga mnakujua, ila jambo moja nitalikazia. Piga mstari wa katikati pande zote nne kabla msumeno haujagusa mbao, na ukate umbo la mbele kwanza, kisha la ubavuni, ukiirudishia mistari kila inapofutika. Kona ziondoe mwisho. Fundi mwenye haraka huanza kuviringisha mapema kwa sababu kafi linaanza kupendeza, na akishaviringisha hana tena pa kupimia. Mpini usiwe duara. Uwe na umbo la yai, ili mkono ujue bapa limeelekea wapi hata gizani.

Sasa kupima. Kwanza lilaze juu ya kidole katikati. Likiinamia upande mmoja, upande huo una nyama. Kisha ubane mpini kwenye jiliwa, ukiuzungushia kitambaa. Ning'iniza ndoo yenye lita 3 za maji kwenye ncha moja, pima imeshuka kiasi gani, halafu fanya vivyo hivyo ncha ya pili. Zisiposhuka sawa, punguza ile ngumu, kidogo kidogo. Lisilopinda kabisa nalo lina kasoro: litakurudishia kila pigo kwenye kiwiko.

Majini, vuta pigo la nguvu. Bapa likitetemeka kushoto na kulia kama mkia wa samaki, usikimbilie randa. Inamisha ukingo wa juu wa bapa mbele kidogo, ndivyo kafi la aina hii linavyopigwa. Likitulia, kosa lilikuwa mkono wako. Likiendelea, uso mmoja umeuchonga zaidi kuliko mwenzake.

(Kijana mmoja akauliza kwa nini tusipake vanishi likang'aa.) Mwanangu, vanishi ikilowa inateleza, na ikikwaruzwa maji huingia chini yake. Lilowanishe kafi, liache likauke, nyuzi zitasimama. Lipige msasa tena, ndipo upake mafuta ya kitani. Matambara ya mafuta hayo usiyafinyange ukayatupa kwenye maranda. Hupata joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke.

Pale ukutani kuna makafi manne. Moja nimeliharibu makusudi, na kwa macho hamtaliona. Twendeni ziwani, kila mmoja apige yote manne, kisha aje kuninong'oneza ni lipi. Mama, wewe anza na hilo la kushoto.