Sauti Inakatikia Wapi? Mhadhara Kuhusu Kadi za Sauti katika Linux

Ndugu wasikilizaji, mtu anapolalamika kwamba kompyuta yake ya Linux haitoi sauti, jambo la kwanza ninalomwomba ni aache kubadilisha chochote. Wengi wetu tukikutana na ukimya hunakili amri za huku na huko, tukahariri faili tatu kwa mpigo, na mwishowe hatujui tena hitilafu ipi ilikuwapo na ipi tumeileta wenyewe. Sauti hupitia matabaka kadhaa kabla ya kufika kwenye spika, na kazi yetu ni kutafuta inakokatikia, tukianzia chini na kupanda juu.

Tabaka la chini ni kifaa chenyewe, yaani kadi ya sauti, na draiva yake (programu inayokiendesha) ndani ya kerneli, ambayo ni kiini cha mfumo wa Linux. Hapo ndipo ilipo ALSA, mkusanyiko wa draiva za sauti za Linux, uliochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa OSS na kuwa njia kuu ya sauti tangu kerneli ya 2.6, iliyotoka Desemba 2003. Juu yake kuna seva ya sauti, inayochanganya sauti za programu mbalimbali na kuzielekeza kwenye kifaa kilichochaguliwa. Kwa miaka mingi seva hiyo ilikuwa PulseAudio. Siku hizi mara nyingi ni PipeWire, ambayo Fedora, mojawapo ya matoleo ya usambazaji ya Linux, iliikabidhi kazi hiyo katika toleo la 34, mwaka 2021. Tofauti hii si ya kihistoria tu, kwani maelekezo ya enzi ya PulseAudio huenda yakahariri faili ambazo PipeWire haizisomi kabisa. Amri «pactl info» itawaonyesha ni seva ipi inayofanya kazi.

Swali la kwanza, basi: je, kerneli inaiona kadi? Andikeni «aplay -l». Orodha ikiwa tupu, hakuna kitelezi cha sauti kitakachosaidia. Tazameni kwa «lspci -k» kama kifaa kimepata draiva, kisha someni ujumbe wa kerneli kwa «sudo dmesg» («sudo» huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi). Katika kompyuta mpakato nyingi za karibuni zenye chipu za Intel, kisababishi cha kawaida ni kukosekana kwa mafaili ya Sound Open Firmware, ambayo hupakiwa kwenye kichakataji cha sauti kabla kadi haijaonekana. Katika Debian, usambazaji mwingine wa Linux, kifurushi kinachotakiwa ni firmware-sof-signed.

Kadi ikionekana lakini iko kimya, fungueni «alsamixer», programu ya kurekebisha vitelezi vya sauti vya kadi, na hapa naomba tusiharakishe, kwa kuwa wengi hupotea papa hapa. Programu hii hufunguka ikiwa kwenye kifaa cha chaguo-msingi, na mara nyingi huonyesha kitelezi kimoja tu kilichopanda vizuri, kiasi cha kumfanya mtu aamini kwamba mambo ni shwari. Bonyezeni F6 na kuchagua kadi halisi. Ndipo vitelezi vyote vitajitokeza. Chini ya kila kimoja mtaona herufi MM, maana yake kimenyamazishwa, au 00, maana yake kiko wazi, na kitufe cha M hubadilisha hali hiyo. Kagueni pia mpangilio ulioandikwa «Auto-Mute Mode», ambao hunyamazisha spika pindi tundu la hedifoni linapohisi plagi. Tundu lililojaa vumbi laweza kuhisi plagi isiyokuwapo, na hapo tiba ni usafi.

Kisha jaribuni kuiruka seva kwa «speaker-test -D plughw:0,0 -c 2», mkibadilisha namba kulingana na orodha ya «aplay -l». Mkisikia mvumo, draiva na kadi ni nzima, na hitilafu iko juu. Mkiambiwa kwamba kifaa kinatumika, «fuser -v /dev/snd/*» itataja programu iliyokishikilia.

Huko juu, mara nyingi sauti haijapotea. Imepelekwa kwingine, hasa kwenye skrini iliyounganishwa kwa HDMI ambayo haina spika. Katika PipeWire, «wpctl status» huweka nyota mbele ya kifaa cha chaguo-msingi, na «wpctl set-default» pamoja na namba ya kifaa mnachokitaka hukibadilisha. Seva ikikwama, iwasheni upya kwa «systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber», bila sudo, kwa sababu kwa kawaida huendeshwa ndani ya kikao cha mtumiaji.

Kuna ushauri mmoja usiokwisha, wa kumwingiza mtumiaji katika kundi la «audio». Katika mifumo yenye systemd, programu inayosimamia huduma na vikao vya watumiaji, aliyeketi mbele ya mashine hupewa ruhusa ya kadi anapoingia, kwa hiyo kwa kawaida hatua hiyo haitibu kitu, na yaweza kumruhusu mtumiaji mmoja kuishikilia kadi wakati mwingine ndiye anayeitumia mashine.

Yote hayo yakishindikana, endesheni «alsa-info.sh», ambayo hukusanya taarifa za kadi, draiva na vitelezi katika faili moja, kisha iambatisheni na ripoti yenu kwa watunzaji wa mfumo mnaoutumia, mkieleza pia ni katika tabaka lipi sauti ilisikika kwa mara ya mwisho.