Kuusoma Ugonjwa wa MS Kupitia Retina

Ndugu zangu, wengi hushangaa: daktari wa ubongo anatafuta nini ndani ya jicho?

Anatafuta ubongo. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huchipuka kutoka kwenye ubongo tangu mtoto akiwa tumboni, na neva ya jicho ni sehemu ya mfumo mkuu wa fahamu. Kwa hiyo katika multipo sklerosisi, yaani MS, ambapo kinga ya mwili huugeukia ubongo na uti wa mgongo, neva hiyo nayo haisalimiki. Takriban nusu ya wagonjwa huvimba neva ya jicho wakati fulani: jicho linauma likigeuzwa, uoni unafifia, rangi nyekundu inapauka.

Sasa nije kwenye kiini. MS hushambulia myelini, ganda la mafuta linalofunika uzi wa neva kama plastiki inavyofunika waya. Ganda laweza kurudi kwa kiasi; uzi ukifa, umekufa, na ulemavu wa kudumu hutokana zaidi na vifo hivyo. Kwenye picha za MRI ni vigumu kutenganisha hasara hizi mbili. Ila ndani ya retina nyuzi hazina myelini kabisa, huivaa zikishatoka nyuma ya jicho. Ukipima unene wa tabaka la nyuzi hizo, unapima nyuzi tupu. Sijui sehemu nyingine ya mwili inayotupa nafasi hiyo kwa urahisi namna hii.

Kipimo chenyewe ni OCT, yaani kupiga picha za tabaka za retina kwa mwanga, kilichotangazwa mwaka 1991 na David Huang, James Fujimoto na wenzao kule Marekani. Mgonjwa anaegemeza kidevu, anakazia macho alama moja, mwanga usiodhuru unaingia na kurudi, na baada ya sekunde chache tabaka za retina zinaonekana moja moja.

Tabaka la nyuzi kwa mtu mzima mwenye afya lina wastani wa maikromita 100 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Baada ya neva kuvimba, hupungua kwa takriban 20 ndani ya miezi 3 hadi 6. Lakini kinachonishughulisha mimi ni jicho la pili, lile ambalo mgonjwa anaapa halijawahi kumsumbua. Nalo, kwa wastani, limepungua kama 7. Maradhi yanakula kimya kimya.

Hapa madaktari wetu vijana hujikwaa. Mgonjwa akipimwa wiki ile ile ya maumivu, tabaka huonekana la kawaida, pengine nene kuliko kawaida, na mashine inampaka rangi ya kijani, yaani hana shida. Ule ni uvimbe! Tazameni seli za ganglia, ambazo nyuzi hizo hutokea, kwenye makula, sehemu ya kati ya retina. Zenyewe hazivimbi, na wiki chache baadaye kukonda kwake kunaonekana. Kisha linganisheni macho mawili. Tofauti ya maikromita 4 kwenye tabaka la seli hizo, au 6 kwenye tabaka la nyuzi, inashtaki neva ya upande mmoja, mradi mmeshaondoa glakoma na magonjwa mengine ya jicho.

Vigezo vya McDonald, ambavyo madaktari hutumia kutambua MS, vilivyorekebishwa mwaka 2024 vimeikubali neva ya jicho kuwa eneo la tano la kuthibitisha MS, baada ya manne ya ubongo na uti wa mgongo, na OCT ni mojawapo ya njia za kuonyesha kwamba imeumia. MRI inabaki palepale: OCT haioni kidonda cha uti wa mgongo, wala haimtambui aliyekonda neva kwa sababu nyingine. Kwa hilo bado tunamhitaji daktari anayeuliza maswali.