Ukerewe jioni: samaki wa usiku huagizwa mchana

NEEMA: Msikilizaji, karibu. Hapa ni Mwanza, mimi ni Neema, na pembeni yangu yuko kaka Magesa, mzaliwa wa Ukerewe. Kaka, kuna swali wasikilizaji wananiuliza sana: mtu akienda Ukerewe kutembea, jioni anakula wapi?

MAGESA: Nansio, dada. Kisiwa ni kikubwa kuliko vyote Ziwa Victoria, kilomita za mraba kama 530, lakini ukitaka hoteli ya kula usiku, tafuta pale mjini. Ila mimi ningeuliza lingine: anaagiza saa ngapi?

NEEMA: Fafanua hapo.

MAGESA: Hapa Mwanza njaa ikikushika saa nne usiku, unatoka barabarani, unakuta mtu yuko kwenye karai anakaanga. Kule mama mwenye hoteli hanunui samaki kwa kubahatisha. Mvuvi wa sangara na sato anatega jioni, anapakua asubuhi, na mama naye yuko mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, asubuhi hiyo hiyo, ananunua wa kumtosha. Akijua kuna wageni wanne, ananunua wa wageni wanne. Asipojua, ukitokea saa mbili usiku atakwambia samaki wameisha, zimebaki chipsi mayai.

NEEMA: Halafu mgeni anarudi mjini anasema Ukerewe hakuna chakula.

MAGESA: Hiyo inaniuma, dada. Inaniuma kweli. Umekaa kwenye kivuko kwa muda wa saa tatu kutoka Mwanza, umezungukwa na maji pande zote, halafu unakula chipsi! Na dawa yake ni simu moja tu. Mpigie mwenye gesti kabla hujapanda kivuko cha mchana, mwambie mko wangapi na mnataka nini. Yeye anamjua mpishi mzuri.

NEEMA: Na wanaopitia nchi kavu, njia ya Bunda?

MAGESA: Hao wanavuka kwa kivuko kutoka Kisorya kwenda Rugezi, kule kisiwani, maji ni kidogo pale. Lakini neno ni lile lile, wapige simu wakiwa njiani.

NEEMA: Haya, nimeshapiga simu. Niagize nini? Mimi nasema sato wa kukaanga, akauke vizuri, na kachumbari.

MAGESA: Hapana, mchemsho. Samaki aliyetoka majini leo ukimtia kwenye mafuta mengi unamuonea. Mchemsho ni nyanya, kitunguu, ndimu, chumvi, pilipili nzima inaelea bila kupasuka. Mchuzi unakuwa mwepesi, unaunywa na kijiko.

NEEMA: Hapo hatutakubaliana, kaka. Ngozi ya sato iliyokaangwa ikalia mdomoni siiachi.

MAGESA: Basi agizeni wawili, mgawane. Ila chagua mwenyewe kabla hajapikwa. Mama hakatai. Tazama jicho, liwe linang'aa na limetuna. Fungua shavu, ndani pawe pekundu. Pakiwa na rangi ya majivu, omba mwingine, kwa adabu.

NEEMA: Ugali?

MAGESA: Wa udaga! Hapa nawaomba wageni sana. Ukikaa kimya unaletewa wali au ugali wa sembe, kwa sababu mama anadhani mgeni ndicho anachotaka. Mwambie mapema unataka wa muhogo.

NEEMA: Waeleze wasioujua.

MAGESA: Muhogo unamenywa, unavundikwa siku kadhaa mpaka unalainika na kuota ukungu. Unakwanguliwa, unaanikwa juani, ukikauka ndiyo unasagwa. Unga wake hauna weupe wa sembe, na ugali wake unavutika. Anayeupika anasimama, sufuria ameibana kwa miguu, mwiko ameushika kwa mikono miwili. Ukimega tonge, lina uchachu kwa mbali. Ukichovya kwenye mchuzi wa sato, ule uchachu na ndimu vinakutana. Bibi zetu wamekula hivyo, na bado ndicho chakula cha nyumbani kule.

NEEMA: Dagaa je? Mimi bila dagaa sijafika Ukerewe.

MAGESA: Dagaa waulizie mwezi. Wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Ukienda siku za mwezi mpevu utapata dagaa wakavu, nao ni wazuri wakiungwa kwa karanga. Ukitaka wabichi, wa kukaangwa siku hiyo hiyo, nenda siku za giza.

NEEMA: Lakini siku za giza ndizo wale wadudu wadogo wa ziwani wanapokuja kama moshi.

MAGESA: Kweli, hasa mwezi unapoandama. Wakija, zimeni taa iliyo juu ya meza, muiache ile ya mbali. Wataifuata. Na funika mchuzi.

NEEMA: Wapo wanaotaka kulala Ukara, kisiwa cha jirani.

MAGESA: Waende, Ukara ni pazuri mno. Lakini mtu apange kula na kulala huko huko, asikimbizane na chombo cha mwisho. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kufika Ukara, tukapoteza zaidi ya watu 200. Sisi wa kule hatujasahau. Chombo kikionekana kimejaa, subiri. Chakula kitapatikana tu.

NEEMA: Mungu awarehemu. Kaka, bei?

MAGESA: Uliza wakati wa kuagiza, samaki akiwa mbele yako. Sangara ana soko la viwandani, minofu yake inakwenda hadi Ulaya, kwa hiyo hata pale ziwani hauzwi kwa bei ya kutupa. Na usiagize sangara mchanga. Chini ya sentimeta 50 sheria hairuhusu kumvua. Ukiletewa mdogo, mkatae. Mgeni akikataa, mwenye hoteli naye atamkatalia mvuvi.

NEEMA: Na baada ya kula?

MAGESA: Machungwa. Kama ni msimu, nunua sokoni mchana, mle usiku.

NEEMA: Asante, kaka Magesa. Msikilizaji, kama una mama lishe wako Nansio unayemwamini, tutumie ujumbe wa sauti, utuambie anapika nini na anataka kuambiwa saa ngapi. Wiki ijayo tutawasikiliza.