Mama Akishatoka Chumbani

Ndugu zangu matabibu, leo tunaongelea jinsi ya kuzungumza na mgonjwa kijana; nianze na jambo linalotushinda wengi: mzazi.

Binti wa kidato cha pili anaingia na mama yake. "Shikamoo, dokta." "Marahaba." Baada ya hapo humsikii tena. Unamuuliza tumbo lilianza kuuma lini, mama anajibu. Unauliza hedhi, mama anajibu, tena kwa uhakika! Binti anatazama kucha zake. Msiseme ana kiburi. Amelelewa kunyamaza wakubwa wakiongea, na humo chumbani wakubwa ni wawili.

Mama atoke, ila asitolewe kama mtuhumiwa. "Mama, utaratibu wetu, kila kijana wa umri huu tunaongea naye kidogo peke yake, halafu tunakuita." Akijua ni wote, hatabaki nje akijiuliza unamshuku nini.

Mlango ukifungwa, mweleze binti kwamba mtakayoongea ni siri, na siri hiyo inaishia wapi: ukiona maisha yake yako hatarini, au kuna mtu anamuumiza, itabidi umshirikishe mtu mwingine, na yeye atakuwa wa kwanza kujua. Ukimwahidi siri isiyo na mpaka, siku utakayoivunja ndiyo mwisho wa kumwona.

Kuna mpangilio wa maswali wa madaktari wa Marekani, HEADSS, uliochapishwa 1988: nyumbani, shule, shughuli zake, vilevi, mapenzi, na mwisho mawazo ya kujiua. Naupenda kwa sababu unapanda polepole. Sisi tunarukia "Una mpenzi?" halafu tunashangaa kijana kafunga mdomo.

Na dawa je? Ukiuliza "Unakunywa vizuri?", jibu ni ndiyo, daima. Kijana mwenye VVU anayeishi bweni, akimeza kidonge usiku, wenzake wanamwona. Muulize, "Bwenini dawa unaziweka wapi?" Atakwambia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kwamba humezea chooni, na wiki ya mitihani hakumeza kabisa. Hapo ndipo mmeanza kuongea.

Tena, tangu 2019 sheria yetu Tanzania inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi. Zamani ilikuwa 18. Bado wapo wanaomwambia, "Kamlete mama." Jamani!

Kabla ya kumwita mama arudi, kubalianeni na kijana: lipi lisemwe, na nani aseme. Wengine hupenda useme wewe, wao wakiwa wamekaa hapo hapo.

Haya, tukae wawili wawili tufanye mazoezi. Mmoja awe daktari, mwingine mama. Na mama awe mgumu, tafadhali.