Dawa na Vipokezi vya Seli: Mhadhara Uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum. Nawashukuru wazee wetu, wauguzi, wanafunzi na wazazi mliofika. Nimechagua kuzungumzia salbutamoli, dawa ya kuvuta ambayo wenye pumu wengi wanayo, kwa sababu safari yake ndani ya mwili inaeleza kwa nini dawa ileile humfungulia mtu pumzi na wakati huohuo ikamtetemesha mikono na kumwendesha moyo mbio.

Salbutamoli haina nguvu yake yenyewe ya kupanua njia za hewa. Kwenye utando wa seli za misuli inayozizunguka njia hizo zimo protini ziitwazo vipokezi vya beta 2, ambazo kazi yake ni kuipokea adrenalini ya mwili. Na kwa kuwa umbo la salbutamoli linaelekeana na la adrenalini, hubisha hodi ikakaribishwa kama mwenyeji. Hapo kipokezi, ambacho kimeupenya utando mara saba, hubadilika umbo na kuiamsha protini G, mpitisha ishara aliye upande wa ndani, nayo huamsha kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kinachogeuza ATP, molekuli ya nishati ya seli, kuwa AMP ya duara, mjumbe anayepeleka amri ndani ya seli. Jambo hili hunistaajabisha kila ninapolifundisha: kimeng'enya kimoja hutoa molekuli nyingi za AMP hiyo, hata mvuto mmoja wa maikrogramu 100 ukaweza kuanza kulegeza misuli ndani ya dakika chache. Earl Sutherland wa Marekani, aliyemgundua mjumbe huyu wa ndani, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Wanasayansi wa Marekani Robert Lefkowitz na Brian Kobilka waliipata mwaka 2012 kwa uchunguzi wao wa vipokezi vya jamii hii.

Vipokezi hivyo vimo pia katika misuli ya mikono, na kwa kiasi fulani moyoni. Mtetemeko, basi, ni amri ileile iliyofika mahali pengine.

Propranololi, dawa ya moyo na presha iliyotokana na kazi ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960, hukikalia kipokezi bila kukiamsha. Humtuliza mgonjwa wa moyo, lakini huziba pia beta 2 za mapafuni, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya. Nawasihi sana: mwambieni daktari kuhusu pumu kabla hajawaandikia dawa ya presha.

Lipo pia suala la kuvuta salbutamoli mara kwa mara. Seli inayoamshwa bila kupumzika huvifunga vipokezi vyake na baadhi kuvivuta ndani, hivyo nafuu hupungua. Steroidi za kuvuta hupita njia nyingine: huingia ndani ya seli, hushikana na vipokezi vilivyomo humo, kisha huelekea kwenye kiini na kubadilisha jeni zipi zifanye kazi, ndipo uvimbe wa njia za hewa hupungua na vipokezi vya beta 2 huongezeka. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine siku kadhaa, na wengi huziacha wakidhani hazifai. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamoli peke yake.