Ufunguo wa bweni uko wapi saa nane za usiku?

Kamwene! Walimu wenzangu, matroni na mapatroni, wazazi wetu mliotoka vijijini alfajiri mkaja hapa Mafinga, asanteni sana.

Nina swali moja, na kila mmoja ajibu moyoni mwake. Ufunguo wa mlango wa nyuma wa bweni la shule yako, saa nane za usiku, uko wapi?

Agosti 2009, hapa hapa mkoani Iringa, bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi liliungua usiku. Watoto 12 walipoteza maisha. Chanzo kilichotajwa ni mshumaa wa kusomea, basi tukapiga marufuku mishumaa. Ni sawa, lakini moto una njia nyingi: soketi iliyolegea, pasi iliyosahaulika, chaja iliyofichwa chini ya mto. Godoro la sponji likishika moto, moshi mweusi unajaza chumba kabla hujamaliza kuwaamsha waliolala, na moshi ndio unaotangulia kuua.

Shule niliyowahi kufundisha, siku moja nikiwa mwalimu wa zamu, nilimwomba matroni anifungulie mlango wa nyuma wa bweni. Alikuja mbio na kanga mabegani, mkononi funguo zimefungwa kwa kamba ya kiatu, hazina alama yoyote. Nikawa namulika tochi, yeye anajaribu. Wa kwanza haukuingia. Wa tano ukaingia, haukuzunguka. Ulipofungua ule wa kumi na moja, nyuma ya mlango tulikuta masanduku ya chuma yamepangwa mpaka juu. Mama yule alikaa kwenye ngazi akalia. Hakuwa mzembe, hakuna aliyewahi kumwambia ajaribu.

Pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji watakuja. Lakini gari litoke mjini, lipite barabara ya udongo iliyonyeshewa, lifike kijijini: dakika za kwanza ni zetu sisi tuliopo. Kwa hiyo mlango ufunguke kuelekea nje na usifungwe kufuli watoto wakiwa ndani. Nondo za madirisha ziwe za kufunguliwa na aliye ndani. Mnaogopa wezi, najua, na wazazi wa mabinti mna hofu nyingine pia. Mwekeni mlinzi. Kufuli halimwamshi mtoto.

Daftari la majina likae kwa matroni. Likiungua bwenini, mtahesabu watoto kwa kukisia, na mtu atarudi kwenye moto kumtafuta aliyekwisha kutoka zamani. Kengele zetu nyingi ni ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini. Mlio wa hatari usifanane na mlio wa uji. Mtoto kiziwi hasikii milio yote miwili, kwa hiyo apangiwe jirani wa kitanda wa kumshika mkono, na jirani huyo ajijue.

Sisi watu wa baridi tuna hatari yetu pia. Juni na Julai, Makete, Njombe, hapa Mufindi, mtoto anaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unatoa gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hasongwi na moshi, anasinzia tu. Akilalamika kichwa na kichefuchefu, msimpe dawa ya maumivu mkamrudisha kitandani. Mtoeni nje, yeye na wote aliolala nao, kisha hospitali. Fimbo haitamaliza jambo hili. Blanketi la pili litasaidia zaidi.

Na ninyi mlio kando ya barabara kuu, Makambako, Uyole mpaka Tunduma, malori ya mafuta yanapita mbele ya shule zenu usiku na mchana. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa mitaroni. Watoto watolewe kuelekea upepo unakotoka, wapande juu, wasishuke bondeni. Mpishi azime moto wa jikoni mara moja. Mtoto asiruhusiwe kwenda kuangalia, wala kutumwa na kidumu.

Maswali nitayapokea tukiwa tunatembea. Tukimaliza chai tunakwenda wote kwenye bweni lile la bati la bluu. Matroni, mama yangu, njoo na funguo zako. Mwalimu wa zamu atashika saa.