Atoli: Neno la Maldivi Lililoingia Kiingereza

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Jioni hii nazungumzia neno moja tu la Kiingereza, "atoll", ambalo sisi tunaliandika atoli. Wanafunzi wa jiografia hulikariri pamoja na ghuba, rasi na delta, na wengi hudhani limetoka Ulaya. Limetoka Bahari Hindi, bahari yetu hii hii.

Tuanze na kitu chenyewe. Atoli ni pete ya matumbawe. Ndani yake mna maji matulivu. Upande wa nje mwamba unashuka mpaka kilindini. Juu ya pete hiyo huwa pana visiwa vidogo vya mchanga, na hapa na pale mna milango ya kupitisha vyombo. Katikati hapana nchi kavu, na hiyo ndiyo alama yake kubwa. Kwa hiyo Unguja si atoli, hata kama imezungukwa na matumbawe. Anayetaka atoli ya jirani aende Aldabra, Shelisheli, kwenye makobe wakubwa wapatao 100,000.

Sasa jina. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja kuwa kadhi Maldivi, visiwa vya Bahari Hindi, katika miaka ya 1340. Alieleza kwa Kiarabu chake kwamba visiwa vile vimekusanyika kwa duara kama pete, na kwamba meli huingilia mlangoni. Umbo alilieleza vizuri sana, ila jina la wenyeji halikuenea kwa kupitia kwake.

Aliyelibeba jina ni Mfaransa, François Pyrard. Meli yake, Corbin, ilivunjika kwenye miamba ya Maldivi mwaka 1602, naye akazuiliwa huko hadi 1607. Akajifunza Kidivehi, lugha ya wenyeji, iliyo na udugu na Kisinhala cha Sri Lanka. Kitabu chake kilitoka Paris mwaka 1611, na humo akaeleza kwamba ufalme ule umegawanyika katika majimbo 13, na kila jimbo huitwa "atollon". Mwaka 1625 habari zake zikachapishwa London kwa Kiingereza.

Hapo kwenye "majimbo" naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye uzito. Kwa Mmaldivi, atholhu, ndilo neno lenyewe kwa Kidivehi, ni pete ya matumbawe, na pia ni jimbo lenye watu na mkuu wake. Mpaka leo serikali yao inagawa nchi kwa atoli, na mtu akiulizwa kwao ni wapi hutaja atoli yake na kisiwa chake. Kiingereza kilichukua mwamba na maji, watu kikawaacha. Naona hiyo ni hasara, kwa sababu nusu ya maana ilibaki ng'ambo.

Aliyelipa neno hadhi ya kisayansi ni Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza. Alitembelea visiwa vya Cocos (Keeling) Aprili 1836, na mwaka 1842 akatoa kitabu kuhusu miamba ya matumbawe, akachagua jina hili huku akisema wazi kuwa ni la wenyeji wa Bahari Hindi. Wakati huo mwanajiolojia Charles Lyell alikuwa amefundisha kwamba matumbawe yamejijenga kwenye midomo ya volkano zilizo chini ya bahari. Darwin alisema sivyo: kisiwa cha volkano huzama polepole, matumbawe ya kandokando yakizidi kujijenga kuelekea kwenye mwanga, mpaka kisiwa kinatoweka na kubaki pete. Mwaka 1952 wachimbaji wa Enewetak, atoli ya Pasifiki, walipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe ndipo wakaufikia mwamba wa volkano, kama Darwin alivyosema.

Ombi langu ni kwa wenzangu mnaotunga kamusi na vitabu vya shule. Mkifika kwenye atoli, asili yake msiishie kwenye Kiingereza. Andikeni Kidivehi, na maana ya jimbo iwemo. Haya, maswali karibuni.